Maji ya Tanga Yatoka Amani

Leo twawaalika mfuatane nasi katika safari fupi. Ilikuwa safari ya siku tatu tu, nasi tuliifanya pamoja na watoto wetu watatu: kwanza katika milima ya Usambara ya Mashariki, kisha katika mji wa Tanga, kando ya bahari. Labda mtu atasema kwamba matembezi ya jamaa moja si habari ya kuandika. Lakini tulikwenda na neno zito moyoni, na tuliporudi neno hilo lilikuwa limepata jibu. Ndiyo sababu twawaandikia.

Sisi ni watu wa Kivu. Tangu miaka kumi twakaa Dar es Salaam, kwa maana mizigo mingi iendayo Kongo hushushwa katika bandari ile, na huko ndiko tulikopata kazi. Lakini wazee wetu wamezikwa nyumbani, juu ya kilima kimoja cha Bushi. Katika kilima hicho kuna kijisitu ambacho babu yetu alikataza kisikatwe, na chini yake hutoka chemchemi. Kaka yetu mkubwa ndiye aliyebaki kulinda mji.

Juma moja kabla ya safari tulipokea barua yake. Aliiandika mwanawe wa shule, kisha akaipiga picha na kuituma kwa simu. Maneno yalikuwa machache: “Wadogo zangu, mchoma makaa amefika. Atoa dola mia nne kwa miti yote iliyo juu ya chemchemi. Watoto wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya malipo ya masomo. Siwezi kuuza pasipo ninyi. Semeni neno.”

Kwa kweli tulitaka kujibu mara moja: “Uza.” Mti huota tena, tulisema, lakini miaka ya mtoto hairudi. Mama wa nyumba ndiye aliyetuzuia. “Tungoje mpaka tutoke safarini,” akasema. “Neno la wazee halijibiwi kwa haraka.”

NJIA YA KUPANDA

Ulikuwa mwezi wa sita, watoto wako likizoni. Ijumaa, jua halijachomoza, tulipanda basi la Tanga. Saa zikapita, tambarare zikapita, na huko Segera njia ikageuka kuelekea baharini. Tulipofika Muheza tuliteremka. Huo ni mji wa machungwa: yamefungwa katika nyavu, yamepangwa mafungu mafungu kando ya njia, na vijana huyakimbiza mpaka madirishani mwa mabasi. Kitinda mimba wetu alikula matano kabla hatujapata gari la kutupeleka mlimani.

Toka Muheza njia ni ya udongo. Kwanza hupita katika shamba kubwa la serikali la miti ya msaji, huko Longuza. Miti yote imenyooka kwa safu kama wanafunzi mbele ya mwalimu. Baadaye twafika Zigi, mlangoni pa hifadhi. Hapo pana nyumba ya zamani ya mbao. Ilikuwa nyumba ya mkuu wa stesheni. Mwanzoni mwa karne ya 20 Wajerumani walijenga reli ndogo mpaka hapa ili kuteremsha magogo ya msituni. Reli imekwisha ondoka. Nyumba imebaki, na leo ndimo wageni wanamopokelewa.

Kutoka Zigi gari lilipanda polepole, kona baada ya kona. Watoto waliacha kusema. Upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde lisiloonekana mwisho kwa wingi wa miti. Hewa ikawa baridi, ukungu ukashuka, tukatafuta sweta ndani ya mizigo. Binti yetu, aliyezaliwa katika joto la pwani, aliuliza: “Mama, ndivyo kulivyo kwenu?” Mama akatazama nje, asijibu upesi. Kisha akasema: “Ndivyo kulivyokuwa.”

KATIKA MSITU WA AMANI

Amani ni kijiji kilicho juu ya bahari karibu mita 900. Mwaka 1902 Wajerumani walifungua hapa kituo cha kuchunguza mimea. Walileta mbegu na miche toka pande nyingi za dunia, wapate kujua ni kitu gani kitastawi katika nchi waliyoitawala: kahawa, mpira, viungo, hata mkwinini, ambao gome lake hutoa dawa ya malaria. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakashika kazi hiyo. Baadaye uchunguzi wa kilimo ulihamishiwa Kenya, na majumba ya Amani yakatumika kwa kuchunguza malaria. Mwaka 1997 serikali ya Tanzania ililifanya eneo la zaidi ya hekta 8,000 kuwa hifadhi ya mazingira asilia.

Jumamosi asubuhi mzee mmoja Msambaa alikuja kutuongoza. Watoto wakamwamkia: “Shikamoo, babu!” Akaitikia: “Marahaba, wajukuu zangu,” naye toka hapo hakuwaita kwa jina lingine.

Mzee huyo hakuwa na haraka. Aliwaonyesha watoto kinyonga mdogo juu ya jani, ambaye sisi sote tulikuwa tumempita bila kumwona. Aliwasikilizisha hondohondo, ambao mbawa zao hulia angani kama mtu akitikisa nguo nzito. Mbega weusi kwa weupe walitutazama kutoka juu, kisha wakarukia miti mingine. Kuna hata ndege mdogo aina ya chozi ambaye wataalamu wa mataifa humwita kwa jina la kijiji hiki.

Kando ya kijito, juu ya mwamba wenye maji, alitufundisha ua dogo la rangi ya urujuani. “Hili limesafiri kuliko ninyi,” akasema. Na ni kweli. Mwaka 1892 mtawala mmoja Mjerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, aliliona katika nchi ya Tanga, akatuma kwao Ulaya. Mtaalamu wa mimea akalipa jina la Saintpaulia kwa heshima ya jamaa hiyo. Leo lapandwa katika vyungu, madirishani mwa nyumba za Ulaya na Marekani, na wengi wanaolimwagilia hawajui kwamba kwao ni hapa, kwenye vivuli vya milima hii na ya jirani.

Tena akagonga kwa fimbo mti mmoja mrefu, mweupe. “Na huu si wa hapa,” akasema. “Ni mgeni.”

“Ulitoka wapi, babu?” kijana wetu akauliza.

“Upande wenu. Ni mti wa misitu ya Kongo na Uganda. Waganda huuita musizi. Wazungu walipanda michache. Hondohondo wakala matunda yake na kutupa mbegu huku na huku. Kila mahali palipokatwa miti ya zamani, huu ukaingia.”

Watoto walicheka kwa furaha, kana kwamba wamekutana na ndugu. Mzee naye alicheka, lakini akaongeza: “Mgeni mwema hukaa na wenyeji, wajukuu zangu. Huyu alikuta mlango umevunjwa, akaishika nyumba yote. Kosa si lake. Kosa ni la waliovunja mlango.”

CHUPA MOJA YA MAJI

Tulipofika mahali penye jua, kijana wetu, aliye mwanafunzi wa sekondari na mpenda kubishana, alimwuliza mzee kwa nini miti isikatwe kidogo, maana watu ni maskini na miti ni mingi. Sisi wazazi tulitazamana. Mtoto hakujua habari ya barua, lakini alikuwa ameuliza swali letu.

Mzee hakukasirika. Alichukua chupa ya maji mkononi mwa kijana. Kwanza akamwaga nusu juu ya njia, mahali udongo ulipokanyagwa na kuwa mtupu. Maji yakakimbia mara, yakabeba vumbi jekundu, yakatumbukia mferejini. Kisha akaingia hatua tatu msituni, akamwaga nusu iliyobaki juu ya majani makavu. Maji hayakwenda popote. Yalinywewa kimya, kama mtu aliyekuwa na kiu.

“Umeona?” akasema. “Mvua ya huku ni kubwa. Ikianguka juu ya miti, majani huipokea na kuivunja nguvu. Majani yaliyooza huinywa, mizizi huifungulia njia, udongo huiweka. Halafu huitoa kidogo kidogo, mwezi baada ya mwezi, hata wakati wa kiangazi. Hata ukungu huu, miti huushika, ukadondoka chini. Lakini ukikata miti, mvua ile ile itakuwa kama maji yale ya njiani. Siku moja utakuwa na tope jingi, na siku ya pili hutakuwa na kitu.”

Alitueleza kwamba vijito vyote tulivyovuka asubuhi ile ni watoto wa mto Zigi, nao ndio unaokwenda Tanga. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 watu walipata habari za dhahabu katika milima hii, wakaja kwa wingi, wakachimba kando ya vijito, na maji safi yakageuka tope. Wengine walikuwa wamefyeka chini ya miti ili wapande iliki. Wote walikuwa wakitafuta riziki. Hakuna aliyekuja kwa kusudi la kuharibu maji ya mtu.

Ndipo mama wa nyumba akamwuliza: “Na ninyi wa vijijini, mzee, mwapata nini kwa kulinda?”

Mzee akanyamaza kidogo. “Hilo ndilo swali, mama,” akasema. Wanavijiji walikatazwa kukata miti, wakatii. Wakafundishwa kufuga vipepeo, wakawauza nchi za ng'ambo wangali katika vifuko vyao, na fedha zile zilisaidia watoto kwenda shuleni. Lakini mwaka 2016 serikali ilizuia wanyama hai wasipelekwe nje ya nchi, na soko lile likafungwa. “Twaambiwa: lindeni msitu. Vema, twaulinda. Lakini mlinzi naye hula.”

Neno hilo lilituingia. Tulimwona kaka yetu amesimama mbele ya kijisitu cha babu, watoto wamerudishwa nyumbani, na sisi tulio mbali twataka kumwambia tu auze, au tumwambie tu asiuze.

KUSHUKA BAHARINI

Mchana tuliagana na mzee, tukashuka. Kutoka Muheza mpaka Tanga ni mwendo mfupi, na kando ya njia yaonekana mashamba ya mkonge. Mmea huo nao ni mgeni. Mwaka 1893 mtaalamu Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, huko Marekani; iliyofika hai ikawa 62 tu. Kwa hiyo 62 yakatoka mashamba yaliyoufanya mkoa wa Tanga kujulikana duniani kwa kamba na magunia. Baadaye nyuzi za plastiki zikaja, bei ikaanguka, na mashamba mengi yakaingia magugu.

Tanga ni mji wa utulivu. Njia zake ni pana na zimenyooka, miti yatoa kivuli, na watu huenda kwa baiskeli: wazee wenye kofia, mama wenye vikapu, mafundi wenye ngazi begani. Hapa reli ya kwanza ya Wajerumani katika nchi hii ilianza kujengwa mwaka 1893. Hapa pia, mwezi wa Novemba 1914, majeshi ya Waingereza yaliyoletwa kwa merikebu kutoka Uhindi yalishindwa vibaya na askari wa Kijerumani, ambao wengi wao walikuwa Waafrika. Na karibu na mji huu, katika kijiji cha Vibambani, alizaliwa mwaka 1909 Shaaban Robert, mshairi ambaye kila mwanafunzi wa Kiswahili amesikia jina lake.

Usiku, katika nyumba ya wageni, kitinda mimba alifungua bomba apate kunawa miguu. Maji yalipotoka akaita kwa sauti: “Baba! Mama! Njooni! Ni maji ya babu!”

Mtoto alisema kweli. Mto Zigi ukishuka kutoka milimani huzuiwa katika bwawa la Mabayani, lililojengwa mwaka 1978, na kutoka huko maji husafishwa na kuletwa mjini. Mtu wa Tanga akipika chai, akioga, akifua, anatumia mvua iliyonywewa na majani ya Amani. Na siku mlima ukijeruhiwa, bwawa hujaa tope, na kusafisha maji huwa kazi ngumu na ya gharama.

SIKU YA MUNGU

Asubuhi tulisali Misa pamoja na Wakristu wa Tanga, kisha tukaenda Raskazone, mahali watu wanapoogelea. Hatuwezi kueleza furaha ya watoto. Bahari ilikuwa shwari kama ziwa, na ng'ambo kilionekana kisiwa kidogo chenye miti.

Mama mmoja alikuwa akikaanga samaki. Tulinunua, tukaketi kivulini karibu naye, na kwa kuwa watu wa Tanga ni wakarimu wa maneno, tukazungumza. Alipojua tumetoka Amani, alisema: “Mimi sijafika huko hata siku moja. Nasikia ni baridi.” Tukamwuliza kama ajua kwamba maji anayooshea samaki yatoka huko. “Najua,” akasema. “Zamani hatukujua. Siku hizi tunaambiwa. Nasi ni haki tuwakumbuke.”

Na kweli, wameanza kukumbukana. Wakulima wa mabonde ya Kihuhwi na Zigi wameunda umoja wa kuhifadhi mazingira: wanaacha kulima ukingoni mwa mito, wanapanda miti, wanatengeneza matuta. Mamlaka ya maji ya Tanga huusaidia umoja huo. Mwaka 2024 mamlaka hiyo ilikopa kwa watu na mashirika, kwa hati za miaka kumi, zaidi ya shilingi bilioni 50, ili kutengeneza na kupanua kazi za maji. Ni mwanzo; na mzee wetu wa Amani angesema kwamba mwanzo haushibishi. Lakini kanuni yake ni njema: anayekunywa chini amsaidie anayelinda juu.

JIBU LA BARUA

Ndani ya basi, wakati wa kurudi, watoto wote walilala. Giza lilikuwa limeingia. Tulizungumza polepole, sisi wawili, tangu Segera mpaka taa za Dar es Salaam.

Tulihesabu fedha zetu. Tulikuwa tumeweka akiba ya kununua mabati na mbao, ili tumalize chumba cha watoto. Ilitupasa kuchagua. Kumwandikia kaka “usikate” pasipo kumpa kitu ingekuwa kumtwika mzigo peke yake, na kujisifu kwa jasho la mwenzetu. Kumwandikia “kata” ingekuwa kula chemchemi ya wajukuu wa babu. Tena tukakumbuka kwamba sisi pia tulikunywa kule. Maji ya chemchemi ile ndiyo yaliyotulea mpaka tukawa watu wa kwenda mbali.

Tukaandika hivi: “Kaka mpendwa, salamu nyingi. Usiuze miti iliyo juu ya chemchemi. Sehemu ya malipo ya masomo yatoka nasi leo, na kila muhula tutatuma, kama Mungu atujalia afya na kazi. Kule chini, kwenye mteremko mtupu, panda miti ikuayo upesi. Hiyo itakuwa ya kuni na ya makaa. Tusamehe kwa kuwa tulikuacha kulinda peke yako.”

Chumba cha watoto hakijaisha mpaka leo. Mvua ikinyesha twahamisha vitanda. Kijana wetu alinung'unika mara ya kwanza; tulipomsomea barua zote mbili, ile ya baba yake mkubwa na ile yetu, akatoka nje, akarudi na ndoo, akaiweka mahali panapovuja.

Wasomaji wapenzi, wengi wenu mwaishi mijini, na kilimani kwenu yupo aliyebaki: kaka, shangazi, mama mzee. Yeye ndiye anayelinda kijisitu, mipaka na makaburi. Mara nyingi twampelekea mashauri tu. Basi, siku mtakapofungua bomba au kuteka maji kisimani, ulizeni yametoka wapi, na nani anayelinda huko juu, na amekula nini leo.

Kaka yetu alijibu baada ya siku tatu. Safari hii aliandika kwa mkono wake mwenyewe, kwa herufi kubwa: “Nimepokea. Mchoma makaa amekwenda zake. Watoto wako shuleni. Njooni mwone chemchemi.”